Lori Lililobaki Kifuani mwa Melkiori

Tangu wahamishwe na kuletwa kijiji kipya karibu na Ihanja, mwaka ule wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowabeba watu kwa malori na kuchoma nyumba zao, Melkiori hakuwa mtu wa kutulia. Angeshika jembe, ghafla moyo ungemwenda mbio, mshipa wa shingo ukamruka, jasho likamtoka na mikono ni baridi. Alisema anamsikia marehemu baba yake akimwita kutoka zizini kule walikohama, alikozikwa.

Mama yake, Bi Elina, alikuwa na jibu lake: mkewe Melkiori, Yunisi, ndiye aliyemroga. Jumapili wazee wa ukoo wangekuja kumrudisha kwao Ilongero. Yunisi hakuogopa safari. Aliogopa wanawe kubaki wakiitwa watoto wa mchawi. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alimpeleka mumewe zahanati. Mama mkwe akafuata.

“Nione utakavyomdanganya daktari,” alisema njiani.

Ignas, mganga wa zahanati, alimfunga Melkiori mkanda wa kupimia presha, akajaza upepo. “Presha ni ya kawaida.”

“Unaona? Hana ugonjwa. Amerogwa!”

Mara lori la alizeti likanguruma nje. Melkiori akakakamaa. Ignas akapima tena. Zebaki kwenye kipimo ikapanda mno.

“Lori limekufanya nini, ndugu?”

“Lilitubeba,” alisema Melkiori. “Nyuma nyumba inaungua.”

Ignas alijigusa kisogoni. “Hapa ubongo unaposhikana na uti wa mgongo kuna chembe za neva zinazouamuru moyo na mishipa. Hofu ikizifikia, moyo unakimbia, mishipa inabana, presha inapanda. Zenyewe hazijui kama lori limebeba alizeti au limekuja kuwahamisha.”

“Maneno ya shule hayo,” alisema Bi Elina. Lakini upindo wa kanga kifuani pake ulikuwa ukirukaruka, na Yunisi aliuona.

“Mama, nakuomba upimwe na wewe.”

Zebaki ilipanda kupita ya mwanawe.

“Haya, mkwe,” alisema Bi Elina, midomo imemkauka. “Mimi nimerogwa na nani?”

Yunisi alimfungua mkanda mkononi.

Jumapili wazee walipofika, Bi Elina aliwapa togwa, akawaambia hakuna wa kurudishwa.

“Si ulituambia ni mchawi!” alisema mzee mmoja.

“Nilisema. Mkimrudisha, nirudisheni na mimi kwetu, na uzee huu.”

Wazee walicheka. Kisha kwa jirani mashine ya kusaga ikawashwa, ikanguruma kama lori. Kicheko kikakatika, na wazee wote wakageukia barabarani, mikono vifuani.