Amependeza Mno Kuwa Mgonjwa

Simung'unyi maneno, na leo sitaanza. Nyumba yetu ilinitia kinyaa, na wa kwanza kunitia kinyaa humo ndani nilikuwa mimi mwenyewe.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mpiga pasi. Mtaani wanamwita Bi Pasi na jina limemkaa. Mimi nauza mitumba sokoni. Yeye ndiye huichukua nguo iliyotoka kwenye mzigo imejikunyata, akairudisha imenyooka hata nzi akitua anateleza. Chumba chao kina dirisha moja, meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu, na pasi mbili za mkaa zinazopokezana. Na mwenyewe hatoki nje na mkunjo. Hata akienda bombani kuteka maji, gauni lake lina mstari. Nikimtania hunijibu, "Wifi, kinyozi mwenye nywele timutimu nani atampa kichwa chake?"

Sasa huyu mtu, kila mwezi, siku tano au sita alikuwa hafai. Tumbo la chini, kiuno, mpaka mapajani. Akienda chooni ni kama anapitisha wembe. Na kitandani na mumewe hali ilikuwa hiyo hiyo, ila hilo aliniambia baadaye sana, akiwa ameangalia ukuta.

Nasi tulimfanyia nini? Tuligeuka madaktari sote. Mama yangu alisema azae, akizaa tumbo litafunguka. Fundi redio wa chumba cha tatu, mwanamume ambaye mafua tu humlaza siku tatu, naye alikuwa na maoni yake kuhusu mji wa mimba wa wifi yangu, na aliyatoa huku anatafuna. Mama akaleta chupa ya mizizi, rangi ya maji ya mtaro, inanuka beberu, juu ina utando. Wifi akaambiwa anywe mbele yetu mpaka tone la mwisho. Akanywa. Akatapika kwenye beseni. Mama akainama akachungulia beseni, akasema, "Mnaona, uchafu huo unatoka." Mpaka leo naona alivyochungulia kwa kuridhika.

Kaka yangu siku hizo alikuwa anaamkia kazini na kurudi watu wameshakula. Alisema mambo ya wanawake hayajui. Ya kuoa aliyajua.

Na mimi nilisema anadeka. Miaka minne nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya wateja, kwa sababu siku zake zikifika mitumba yangu ilibaki na makunyanzi na hainunuliki. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Mimi nilikuwa nje ya kaburi, nahesabu mashati.

Siku moja mchana nikaenda chumbani kwake kugomba. Nina maneno yangu tayari mdomoni. Nikasukuma mlango, nikamkuta amepiga magoti sakafuni, paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, pasi ya moto ameifunga kwa taulo na kuibana tumboni. Harufu ya ngozi ilinifikia kabla sijasema neno. Nikamfunua. Tumbo lote lilikuwa na madoa ya kahawia, mengine ya zamani, mengine mabichi, moja limevuja na kugandana na gauni. Hakulia. Alisema, "Moto wa nje unanisahaulisha wa ndani." Nikatoka uani nikatapika. Sikutapika kwa sababu ya kidonda.

Tangu siku hiyo pasi ya tumboni ikakoma. Nilinunua mfuko wa mpira wa maji ya moto, tukauzungushia kitambaa kinene, na usipokuwepo tunatumia chupa ya maji ya moto. Muuza dawa wa kona, mtu pekee mwenye akili mtaa mzima, alitufundisha kwamba vidonge vya maumivu vinamezwa baada ya kula, tena maumivu yanapoanza kubisha hodi, usingoje yakalie kiti, na usizidishe kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti. Bi Pasi akaanza kula mboga za majani na kunywa maji mengi ili choo kisimtese. Nguo nzito akawa anazimaliza wiki ya kabla. Siku zenyewe analala ubavu, magoti kifuani, mto katikati ya mapaja, na akipata nafuu anazunguka uani polepole. Ukutani akatundika kalenda. Msalaba mmoja ni siku mbaya, miwili ni siku ya kutambaa.

Hayo yalimsimamisha, hayakumponya. Mwaka ulipoisha siku sita zilikuwa zimefika kumi. Muuza dawa akaitazama kalenda, akasema hapa anatakiwa daktari bingwa wa wanawake. Naye kwetu hufika kituo cha afya mara moja kila miezi mitatu, siku moja, anaona watu thelathini basi.

Bi Pasi alikwenda mara ya kwanza, akarudi hajaonwa. Akaenda ya pili, akarudi hajaonwa. Nikamuuliza kulikoni, akasema nafasi zimekwisha. Mara ya tatu alikuwa amepoteza nusu ya wateja wake na hawezi kunyanyua pasi zaidi ya saa moja. Nikasema leo tunakwenda wote. Tukifungiwa mlango tena, miezi mitatu mingine hataifikisha akiwa na kazi.

Asubuhi nikamkuta amevaa gauni la bluu, kola imesimama, mikono ina mistari ya kukatia mkate. Alikuwa amelinyoosha akiwa amekaa. Nikamwambia avae lolote. Akasema, "Wifi, nakwenda kwa daktari, siendi jalalani."

Getini wanawake walikuwa kama mia mbili. Nesi alipita kwenye mstari akichagua kwa macho. Simlaumu sana, daktari ni mmoja na yeye si mganga wa kuagua. Alifika kwetu.

"Wewe dada unaumwa nini?"

"Tumbo la chini na kiuno. Kila mwezi, miaka minane. Choo kinaniuma, siwezi kufanya kazi."

Nesi akamkagua kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Tumbo la mwezi kila mwanamke analo. Mbona umependeza hivi? Kaa kule nyuma."

Bi Pasi akasema asante. Asante, jamani. Ndipo nikajua nafasi zilivyokuwa zikiisha.

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya vyoo vya kituo, mahali ambapo mtu hupumua kwa mdomo. Kulikuwa na bomba linalovuja. Nikalilowesha lile gauni, nikalikamua kwa mikono miwili kama dekio. Nikafungua vifungo nikavifunga vibaya. Nikachota vumbi nikampaka shavuni na shingoni, nikamvua kitambaa nikazivuruga nywele.

"Wifi, usinifanyie hivi," alisema.

"Unataka kuonwa au hutaki?"

Akafumba macho. Nikamwambia augue kwa sauti. Akasema hajui. Basi tulirudi kwenye mstari yeye ameniegemea, anayeugua ni mimi.

Haikupita nusu saa. Nesi yule yule akaja mbio na kiti cha magurudumu. "Mama huyu kazidiwa, mbona hamsemi?" Akatuingiza wa sita. Hakumkumbuka hata kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Aliuliza, "Tangu lini?" kisha akanyamaza akisubiri jibu. Bi Pasi alilia hapo, kwa kule kusubiriwa. Daktari akaisoma kalenda mwezi kwa mwezi, akauliza habari za choo na za kitandani bila kupepesa, akampima. Akasema kuna nyama inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba, imeota nje yake, pasipo pake, nayo huuma na kushikana na vingine. Ina jina, endometriosisi. Hakujiletea, na kuzaa si dawa yake. Akampa vidonge vya homoni vya kuituliza, akasema mfuko wa moto na mapumziko aendelee navyo, akipata homa au akizimia akimbizwe hospitali, asingoje mtu. Arudi baada ya miezi mitatu. Vidonge visipofaa, ataandikiwa kwenda kufanyiwa upasuaji hospitali kubwa.

Tukatoka. Mimi nilikuwa napayuka kwa furaha, nikijisifu njia nzima. Yeye alitembea akivifunga upya vifungo vyake. Alipobadilisha nguo akanipa lile gauni la bluu, limekauka na vumbi lake, linanuka vyoo.

"Miezi mitatu ijayo tunapita geti lile lile?"

"Lile lile."

"Na anayechagua ni yule yule?"

"Yule yule, wifi."

"Basi usilifue," akasema. "Liweke hivyo hivyo."

Nililitia kwenye mfuko wa plastiki nikafunga fundo, kisha nikakaa kitako mlangoni kwake sijui mikono yangu niiweke wapi.