Bi Barafu na Damu ya Mdogo Wake

Maabara nzima ilimwita Bi Barafu, na jina likamkaa. Kabla ya salamu ya asubuhi ndoo yake imeshajaa barafu, na ole wako uache kichupa nje yake! Angekununia mpaka jioni.

Kazi yake ilikuwa kuchungulia seli za damu zinavyopeana habari. Kichocheo cha ukuaji kikigusa seli kwa nje, protini za ndani hubandikana fosfeti, vialama vidogo vya kikemikali, moja baada ya nyingine, mpaka habari ifike kwenye kiini: gawanyika. Kisha fosfeti hubanduliwa, seli ikatulia. Kitu kidogo namna ile kuamrisha mwili mzima! Hakuwahi kulizoea jambo hilo. Kwenye saratani ya damu, protini fulani hujibandika fosfeti bila kutumwa na yeyote, na seli huzaana ovyo. Ila sampuli ikipata joto tu, fosfeti hubanduka zote, na hapo huna ushahidi.

Ndipo ikaletwa damu ya mdogo wake, fundi cherehani. Dawa ya kwanza ilikuwa imeshindwa, na daktari alitaka kujua kama ya pili itazinyamazisha seli zake. Bi Barafu akaigawa damu: nusu akaitia dawa, nusu akaiacha vivyo hivyo. Penye fosfeti, picha ya kipimo ingeonyesha mstari mweusi.

Picha ikatoka nyeupe pande zote mbili. Upande wa dawa, sawa. Lakini hata usio na dawa? Akakumbuka alichokifanya. Akaenda wodini akiwa na aibu, kuomba damu nyingine.

"Dada, damu yangu umeipeleka wapi?"

"Niliishika mkononi, ikapata joto."

"Wewe? Ulikuwa unaifanya nini?"

"Nilikuwa nakuombea."

Mgonjwa akacheka hadi akakohoa, kisha akakunja mkono wa shati. "Haya, chota nyingine. Ila safari hii niombee kwa mbali."

Safari hii vichupa havikutoka kwenye barafu. Upande usio na dawa, mstari ulitoka mweusi ti. Upande wa dawa, hakuna kitu. Akaitazama picha ile huku machozi yakimtoka, kwa furaha na kwa mshangao: kelele zote zile za seli, na dawa imezizima kwenye chanzo chake.

Akakimbilia wodini bila kuvua koti.

"Zimenyamaza," akasema, akamshika mkono.

"Dada, mkono wako una baridi hiyo!"

"Vumilia," akajibu, akaongeza na mkono wa pili. Hapa hapakuwa na cha kuharibika kwa joto.