Vidole vya Fundi Luhende

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu wa Mpanda ambaye gari lake limeanza kugonga kwa mbele alielekezwa Nsemulwa, kwa Stanslaus Luhende. Baba yake alihamia Katavi na ng'ombe kutoka Usukumani, akataka mwanawe awachunge. Luhende akafuata magari.

Alisifika kwa boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia tairi ili ligeuke huku likipanda na kushuka. Mafundi wengine hupima kifundo hicho kwa kukibinua na mtarimbo. Yeye alipandisha gari kwa jeki, akatikisa tairi kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili akavilaza juu ya jointi, macho ameyafumba. Kisha alisema inacheza au haichezi, na hakukosea.

Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Zubeda, mwenye duka la vitambaa mjini. Ni gari dogo la spoti, la milango miwili, jepesi kiasi kwamba vijana wanne waliweza kulinyanyua upande mmoja. Marehemu mumewe, Uwesu, alilinunua Dar es Salaam, na watu walimcheka kwa sababu lilikuwa chini mno kwa barabara za huku. Alipofariki, Zubeda alikataa kuliuza. Alijifunza kuliendesha akiwa na miaka hamsini na mbili.

Barabara ilizila jointi za gari hilo. Mpira unaozifunika ukichanika kidogo tu, vumbi linaingia, grisi inakauka, chuma kinasagana. Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili Luhende alilikagua, na jointi iliyoanza kulegea aliibadilisha mapema, maana Uwesu alikuwa rafiki yake.

Mwaka juzi vidole vyake vilianza kufa ganzi. Mkewe, Pudensiana, aligundua siku alipomwona ameshika sufuria ya moto bila kuiachia mpaka ngozi ikababuka. Zahanati walisema ni kisukari, tena cha siku nyingi. Pudensiana akamsihi aache kazi za kupima. Luhende akamjibu kwamba ganzi ni ya asubuhi tu, ikifika saa nne inaisha. Haikuwa kweli. Vidole havikusikia kitu kutwa nzima, na hata mtarimbo aliogopa kuushika, kwa sababu yeyote atakayemwona nao atauliza kulikoni.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata Zubeda alileta gari, akasema linagonga upande wa kushoto. Luhende akapiga jeki, akatikisa tairi, akafumba macho. Hakusikia chochote. Miaka yote, kutosikia chochote kulimaanisha jointi ni nzima. Aliutazama mpira, haukuwa umechanika.

"Haichezi, Mama Iman," akamwambia. "Hiyo ni bushi tu, kimpira kisicho na hatari. Nenda nalo, wiki ijayo nitaibadilisha."

Baadaye alikiri kwamba alipokuwa akiyasema hayo alijua hana uhakika.

Siku ya tatu, Zubeda akirudi kutoka Kasokola kumwona shangazi yake, jointi ilichomoka. Tairi likalala, gari likaingia korongoni. Alivunjika nyonga.

Wanawe walidhani ni mwendo, au shimo. Hakuna aliyemuuliza fundi. Luhende angeweza kunyamaza. Siku mbili hakula, na ya tatu akaenda hospitali, akakaa kwenye benchi pembeni ya kitanda.

"Mama Iman, vidole vyangu havisikii," akasema. "Tangu mwaka jana. Niliona aibu kusema."

Zubeda alimgeuzia uso.

"Ungeniambia tu, fundi," akasema. "Ningekupeleka wewe kwa daktari kwanza. Gari lingesubiri."

Hakumfokea. Iman, mwanawe mkubwa, alitaka kwenda polisi, mama akamkataza. Lakini alipomtuma mtu alivute gari kutoka korongoni, alimtuma kwa Kalisti, fundi wa mtaa wa pili, na Luhende alipopata habari hizo alilia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Alifunga gereji mwezi huohuo. Zubeda sasa anatembea kwa gongo, na gari liliuzwa vipandevipande. Wakikutana sokoni wanasalimiana vizuri. Zubeda anauliza sukari ikoje, Luhende anauliza nyonga inaendeleaje, kisha kila mmoja anashika njia yake. Jina la Uwesu, ambalo zamani halikukosekana katika mazungumzo yao, halitajwi tena.

Mwaka huu ganzi imeshuka miguuni. Kila jioni Pudensiana humwosha nyayo kwa maji ya vuguvugu, akizikagua kidole kwa kidole asije akawa na kidonda asichokijua. Luhende hukaa kwenye kigoda, akimwangalia mkewe usoni, akisubiri aambiwe.