Mama wa Kwenye Benchi

Ofisini kulikuwa na mwenzetu tuliyemwita Shangazi, maana ugomvi wote uliishia mezani kwake. Tulikuwa tunatengeneza gemu, na kila mhusika alikuwa na faili lake: jina, nguvu, kazi, kila kitu kimeandikwa kati ya alama ya kufungua na ya kufunga, ili kompyuta ielewe. Mchoraji akibadilisha faili, na mwandishi akabadilisha hilohilo, kompyuta inagoma, haijui imfuate nani. Hapo Shangazi anakaa kuwapatanisha, mstari kwa mstari, huku simu inaita: dada zake nyumbani nao hawaelewani.

Mhusika aliyemtunga mwenyewe alikuwa mmoja tu, mama aliyekaa kwenye benchi. Penye kazi aliandika: hakuna. Weee, watu wamwache? Leo wameandika mama anauza mishumaa, kesho analinda daraja. Jamani, mtu hawezi kukaa tu? Shangazi anafuta, anarudisha: hakuna.

Mwishowe bosi akamwita. "Shangazi, mchezaji akifika kwa huyu mama, anapata nini?"

Shangazi alivua miwani, akafikicha macho.

"Mama anasogea kidogo," akasema, "ili mchezaji naye akae."