Pango la Barafu na Kaka wa Msichana wa Molo

Nilipoliona pango la barafu kwa mara ya kwanza, nilidhani nimeharibu picha za mteja. Nilikuwa na studio ndogo mjini Tororo: chumba cha mbele cha kupigia picha na chumba cha nyuma cha giza. Mwalimu mmoja Mzungu aliniletea filamu yake nimsafishie. Karatasi ilipoanza kutoa sura ndani ya dawa, nikaona weupe wenye mikunjo, kama shuka iliyoanikwa kwenye upepo, na katikati yake shimo jeusi. Nikajilaumu kwamba labda niliacha mlango wa chumba cha giza wazi, mwanga ukaingia. Mwalimu alipokuja kuchukua picha zake nikaanza kuomba radhi kabla hajaketi. Akacheka. Akanieleza kwamba lile ni pango lililochimbwa na maji chini ya barafu, huko juu Ruwenzori, na kwamba yeye mwenyewe alisimama ndani yake.

Ningeliacha jambo hilo papo hapo kama si msichana mmoja niliyekuwa nikimtamani. Alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Molo, kwao ni Iyolwa, na Jumapili baada ya kanisa alizoea kupita studio na mwenzake kupiga soga. Kwenye ukuta nilikuwa nimetundika pazia lililochorwa ziwa na bata, na wateja walisimama mbele yake wakishika maua ya karatasi. Mchoraji hakuwa hodari wa vipimo. Bata mmoja alikuwa mkubwa kuliko mtumbwi. Siku hiyo msichana alimtazama yule bata muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe unapiga watu mbele ya kitambaa tu. Umewahi kupiga kitu ambacho kipo kweli?"

Mdomo wangu ukajibu bila kuniuliza. "Mwezi ujao nakwenda Ruwenzori kupiga mapango ya barafu."

"Barafu? Hii ya kutia kwenye soda?"

"Hiyo hiyo. Lakini kubwa kuliko kanisa."

Sikuwa nimewahi kupanda mlima wowote. Hata mwamba wa Tororo, ambao niliuona kila asubuhi nikifungua dirisha, nilikuwa nimeupanda hadi mahali ambapo mawe yanaanza kuwa makali, nikarudi nikisema nina miadi.

Habari zilifika Iyolwa kabla ya baiskeli ya msichana. Jumatatu kaka yake mkubwa alisimama mlangoni mwa studio na giza likaingia. Alikuwa akisimamia upakiaji wa mizigo kwenye stesheni ya reli, mtu wa miraba minne, mkristo asiyegusa pombe, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kusogea karibu ili umsikie.

"Nasikia wewe nakwenda kwa mlima."

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi si shemeji yako bado." Akakitazama kiti, akaamua kisingemfaa. "Na mimi nakwenda. Mtu anataka dada yangu, mimi nataka kuona namna anatembea."

Basi ahadi niliyoitoa ili nionekane mwanamume ikapata shahidi. Nikaenda kwetu Sikuda kumuaga mama. Alikuwa akipalilia mihogo, na nilipomweleza safari yangu hakuinua mgongo. "Watu wote wamekwisha kupigwa," akasema, "sasa unakwenda kupiga baridi?" Baba yangu mdogo, aliyewahi kuwa askari na sasa anauza chumvi na mafuta ya taa Busia, aliniazima koti lake la jeshi na viatu vyake. Koti lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Viatu vilikuwa vikubwa hivi kwamba nilivijaza magazeti, na kila nilipotembea vilinong'ona.

Tulipanda treni Tororo. Njia nzima hadi Kasese nilimfundisha yule bwana mambo ya barafu. Nilimwambia jinsi inavyoteleza, jinsi mtu anavyotakiwa kupumua, jinsi kamera inavyopaswa kukingwa na baridi. Yote niliyatunga pale pale, kituo hadi kituo. Yeye alikula njugu za kuchemsha, akatupa maganda dirishani, akasema "ehe" kila niliponyamaza. Nilimwona kama mwanafunzi mzuri.

Kiongozi tuliyempata chini ya mlima alikuwa Mkonjo, mwenyeji wa milima ile, mtu wa makamo, mchangamfu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa upande. Alipofahamu kwamba mimi ni mpiga picha, aliivua kofia, akalainisha nywele kwa mate, akaivaa tena upande wa pili. "Upande huu ni mzuri zaidi," akaniambia, na kuanzia hapo kila nilipofungua begi alikuwa amekwisha kusimama mbele yangu, mkono kiunoni. Wapagazi wawili waliobeba chakula na blanketi walikuwa wamezoea, walimpita tu.

Siku za kwanza zilikuwa za msitu na matope. Sikujua kwamba mlima unaweza kuwa na matope mengi namna ile. Juu zaidi kuna bonde la maji yaliyolala chini ya mashina ya majani, na unatakiwa kuruka kutoka shina moja hadi jingine. Kiongozi aliruka akiimba. Kaka yule aliruka taratibu, kama anavyokanyaga mabehewa. Mimi niliruka, koti likaruka baadaye, na tofauti hiyo ikaniangusha. Nilipotoka kwenye matope mara ya kwanza nilisema nilitaka kupima kina. Mara ya pili nilitema matope, nikaendelea. Mara ya tatu yule kaka aliukamata ukosi wa koti, akaninyanyua, akaniweka kwenye shina lililofuata, namna mtu anavyohamisha gunia lililowekwa vibaya.

Hata hivyo kamera haikuguswa na tone. Nilikuwa nimeifunga kwa flaneli na kuitia kifuani, ndani ya shati, nikiipasha joto kwa mwili wangu. Usiku nililala nikiikumbatia. Kiongozi aliniuliza kama ninainyonyesha.

Asubuhi tuliyofika kwenye barafu yenyewe kulikuwa na ukungu, halafu ukafunguka, na kule juu kukaonekana kitu cheupe kilichoshuka kati ya miamba kama uji uliofurika sufuria. Tulifungwa vyuma vya meno chini ya viatu, kisha kamba viunoni: kiongozi mbele, mimi katikati, kaka nyuma. Kiongozi alisema tukanyage kwa unyayo wote. Nilikanyaga kwa unyayo wote, lakini kiatu kilikanyaga kivyake, kwa kuwa mguu wangu uliishia katikati yake. Nikawa natembea kwa kurusha magoti juu. Kutoka nyuma nilisikia ile sauti ya chini.

"Hiyo namna ya kutembea, ulisoma wapi?"

"Ndivyo inavyotakiwa kwenye barafu, shemeji."

"Kiongozi hafanyi hivyo."

"Yeye amezoea."

Pango lilikuwa pale barafu inapoishia juu ya mwamba. Mlango wake ulikuwa wa chini; tukaifungua kamba viunoni, tukaingia tumeinama, kisha ndani kukawa na nafasi ya kusimama. Najua nimejicheka sana hadi hapa, na nitaendelea, ila kwa hili niseme tu nilichokiona. Mwanga haukuingia kwa mlango. Ulitoka ndani ya kuta. Paa lilikuwa na mabonde mabonde, laini, kama mtu alilichota kwa kijiko, na maji yalidondoka polepole, na kila tone lilitoa sauti yake. Nilisimama pale nimefungua mdomo. Yule kaka alivua kofia yake kama aliyeingia kanisani.

Kisha nikakumbuka kwamba nimekuja kufanya kazi, nikageuka kuwa yule mtu wa studio. "Tafadhali msogee! Msitikisike!" Nikatoa kamera kifuani, ikiwa na joto kama andazi, na kuanza kupiga. Nilipiga paa, nilipiga kuta, nilipiga mikuki ya barafu iliyoning'inia mlangoni. Kila picha, kiongozi alikuwa ndani yake. Nikimwambia asogee kushoto, alisogea kushoto na kutabasamu.

"Mzee, nataka pango peke yake."

"Pango peke yake nani atajua ni kubwa? Mimi nasimama, wanapima na mimi."

Tukabishana. Mwishowe nikafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, huko ndani kabisa, ikitazama mlangoni, nikachomeka waya mrefu wa kubonyezea kutoka mbali na kumkabidhi kiongozi. Nilimwambia kwamba kazi ya kubonyeza ni ya heshima kuliko kupigwa, na kwamba asibonyeze hadi nitakapomwambia. Akaushika waya kwa vidole viwili, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Wakati ninapanga vizuri, nikamweka yule kaka karibu na mlango ili kweli tupime ukubwa.

Hapo barafu ikalia.

Sijui niifananishe na nini. Ilikuwa kama behewa tupu lililogongwa na jingine, juu ya vichwa vyetu, na mlio ukapita ndani ya ukuta hadi chini ya miguu. Kiongozi alisema baadaye kwamba barafu hulia hivyo jua likiipata, na hakuna jambo. Alisema baadaye. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa hatua chache kutoka kwa yule kaka, na mara nikawa juu ya mgongo wake, mikono shingoni, miguu kiunoni, vile vyuma vya meno vikimchoma mapajani. Sikumbuki kuruka. Yeye hakuuliza. Aliinama akatoka nje pamoja nami, akatembea mpaka kwenye mwamba mkavu, kisha akasimama.

"Sasa shuka."

"Nilikuwa nakusukuma utoke, shemeji."

"Shuka kwanza. Utanisukuma baadaye."

Nikashuka. Alitazama suruali yake iliyotoboka, akanitazama mimi nikiwa ndani ya lile koti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni baridi. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti mpaka akaketi, na machozi yakamtoka, na kila alipotaka kusema neno akaniangalia na kuanza upya. Ndani ya pango kiongozi naye alikuwa akicheka, lakini yeye kwa sauti, na pango likamwitikia.

Tulirudi Tororo nikiwa na matumaini ya filamu tu. Yule kaka alikuja studio jioni ya kuzisafisha, akajiingiza chumba cha giza bila kualikwa, akasimama nyuma yangu kwenye ile taa nyekundu. Picha ya kwanza ilitoka nyeupe, kama maziwa. Ya pili maziwa. Ya tatu maziwa yenye kivuli cha kofia.

"Hii ni nini?"

"Barafu."

"Na hii?"

"Barafu. Kwa karibu."

Ilikuwa wazi kwangu kilichotokea, na aibu ilinipanda hadi masikioni. Mtu yeyote anayevaa miwani angenieleza: hewa yenye joto na jasho ikikuta kioo kinachopoa baridini, inakivika mvuke. Nilivyoilea kamera kifuani ndivyo nilivyoifumba jicho. Na kwa kuwa nilikuwa nikichungulia kwenye tundu lake la pembeni, sikuona kitu. Nilipiga pango zima kwa jicho lenye mtoto wa jicho.

Kisha ikaja picha ya mwisho, na mkono wangu ukasimama ndani ya dawa. Kamera ilikuwa imekaa kwenye miguu yake muda wa kutosha kupoa, na mvuke ulikuwa umekauka. Kila mkunjo wa paa ulionekana. Mikuki ya barafu ilishuka pande zote mbili, na kwenye mlango, palipokuwa na mwanga, alionekana mtu mkubwa ameinama, akitoka, amebeba kitu mgongoni. Kiongozi alikuwa amebonyeza. Ndiyo picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye kamera yangu, na mimi nimo ndani yake kama mzigo.

"Hii," akasema yule kaka, "tunapeleka nyumbani."

Nilimsihi. Akaitundika picha ikauke. Jumapili tukawa Iyolwa, tumeketi sebuleni kwao mbele ya chai, na msichana wangu akaishika picha kwa kingo zake kama mwalimu anavyoshika daftari safi. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama bata.

"Huyu ni kaka," akasema. "Na mgongoni amebeba nini?"

Nilitazama kikombe changu. Yule kaka akakohoa. "Vyombo vya huyu fundi. Mzigo tu. Vilikuwa vizito."

Sikuamini masikio yangu. Mtu ambaye hajawahi kusema uongo, hata kwa mkaguzi wa reli, alikuwa ameusema kwa ajili yangu, na aliusema vibaya, akitazama dari.

Dada yake akaisogeza picha dirishani. "Tangu lini mzigo ukawa na masikio?"

Tukacheka wote, mimi nikiwa wa mwisho. Nikamweleza yote: matope, kiatu, vyuma vya meno kwenye mapaja ya kaka yake. Nilitazamia ataniaga na kurudi kwenye madaftari yake. Badala yake alinimiminia chai nyingine, akaiweka picha juu ya magoti.

"Hapa ni nyeusi na nyeupe," akasema. "Yenyewe ina rangi gani?"

"Bluu," nikasema.

"Si bluu," kaka yake akasema. "Kijani. Kama chupa."

"Shemeji, ni bluu. Kama ile ya kufulia nguo nyeupe, ukiitia kidogo tu."

"Wewe ulikuwa umefumba macho. Nakwambia ni kijani."

"Wakati wa kuingia nilikuwa nimeyafungua!"

Tulibishana hadi chai ikapoa, kila mmoja akitafuta nyumbani mle kitu cha kuonyesha, yeye akaleta chupa ya mafuta ya taa, mimi nikamwomba mama yao bluu ya kufulia na bakuli la maji. Na msichana aliketi kati yetu, anatazama chupa, anatazama bakuli, anatuuliza kama kwenye kona rangi ilikuwa nzito zaidi, na kama unaweza kuona mkono wako upande wa pili wa barafu.