Mama na Matuta ya Kwenye Ramani

Sijawahi kumwambia mtu hili: niko kidato cha tatu na sijui kusoma kontua.

Zile laini za kahawia kwenye ramani ya jiografia huwa naziona kama uzi uliofumuka.

Kesho narudia mtihani wa ramani. Nikianguka tena, mwalimu ananitoa kwa hilo somo.

Leo nilikuwa nimeinamia ramani, karibu kulia. Mama akaingia kutoka shambani, akachungulia.

"Kwani Mwende, nani alichimba matuta haya yote?"

Nikacheka. (Najuta.) Nikamwambia, "Mama, hayo si matuta. Laini zinaonyesha urefu wa mlima."

"Haya. Juu ni wapi?"

Nikamwonyesha namba kubwa.

Mama aliachia shule darasa la nne. Lakini amechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko mlimani na kina mama wa kikundi chake tangu kabla nizaliwe. Akaweka kidole.

"Hapa yamebanana, ni mteremko mkali. Si hata sisi kule juu tulichimba karibu karibu? Hapa yameachana, ni tambarare. Na hapa yamejikunja kuelekea juu, kuna korongo. Maji yatapita hapa."

Swali la kwanza kwenye ule mtihani nilioanguka lilikuwa hilo hilo: onyesha mto unapopita.

Nikainua macho kutoka kwenye ramani, nikamkazia.

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?" akauliza.

Nyinyi, kuna mzazi amewahi kuwafunza kitu ambacho hakukisomea? Niambieni nisijione peke yangu.

Nilimvutia kiti, nikamwomba aanze tena, polepole. Kisha nikachora mto.