Tofali Chini ya Beseni la Nyoka

Juzi nilipita Kasulu, kwenye yale maduka ya vyombo karibu na soko, nikakuta mabeseni ya plastiki yenye mifuniko ya kubana yamepangwa mpaka barazani. Ya bluu, ya kijani, mengine meupe ya kuonyesha kilichomo. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, unataka la unga au la nguo?" Nikamjibu la nyoka. Akacheka, akasema wateja wa asubuhi wana utani. Sikuwa natania, ila sikuwa na muda wa kumweleza. Na wewe ninao muda, kwa hiyo kaa.

Mwaka 2013 nilikuwa darasa la tano na nilifuga nyoka. Nalisema mapema ili kama wewe ni mtu wa kuguna, uanze sasa hivi, umalize, tuendelee. Kijiji chetu kiko upande wa Kibondo, njia ya Busunzu. Jina lake silitaji kwa sababu wenyewe wapo na wana simu. Baba alikuwa mlinzi wa duka Kasulu, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na mkate na betri za redio. Mama alikuwa mpika maandazi. Utoto wangu wote unanukia iliki na moshi wa kuni, maana kabla hakujapambazuka alikuwa ameshakanda, na mimi nimeshaamshwa kuchochea moto.

Watu wa Kigoma mjini, waliozoea joto la ziwa, hawaamini nikiwaambia habari ya baridi ya kwetu. Waje mwezi wa sita au wa saba. Ukungu unakaa juu ya migomba mpaka watoto wanafika shule, nyasi zinalowesha miguu mpaka magotini, na kila aliye hai anatafuta pa kuota moto. Jikoni kwa mama ndipo palipokuwa na joto. Tulikula hapo ugali wa muhogo na maharage, tukachambulia hapo mbegu, tukasikilizia hapo redio iliyokuwa inakamata Burundi vizuri kuliko Dar es Salaam.

Asubuhi moja ya namna hiyo mama alinituma stoo nikavute gunia la maharage. Nyuma ya gunia niliona kamba. Nikaiokota ili nifungie gunia. Ilikuwa ya kahawia, imekakamaa kwa baridi, na sikuiangalia vizuri kwa sababu nilikuwa nakimbilia moto. Nilipochuchumaa jikoni, kamba imekunjwa mkononi, joto likaifikia, na haikuwa kamba tena. Akaniuma kidole gumba.

Kelele za mama zilikusanya kijiji. Jirani yetu, mama mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa mdomo, alifika wa kwanza na lile jiwe lake jeusi la kuvuta sumu. "Mawe! Inzoka imemuuma mtoto!" alilia kwa Kiha, yaani mama wee, nyoka, huku akilibandika jiwe kidoleni na kulifunga kwa kipande cha kanga. Nyoka alifunikwa na sufuria. Mimi nililazwa kwenye mkeka kusubiri kufa. Wanawake wawili walianza kunililia kwa sauti ya chini, kama wanaofanya mazoezi. Nikasubiri. Jua likapanda, ukungu ukaisha, bado nipo. Ilipofika mchana nikaomba ugali.

Mwalimu wetu wa sayansi alipita na baiskeli, akaona watu, akashuka. Akainua sufuria kidogo, akachungulia, akasema, "Huyu hana sumu. Ni nyoka wa majumbani, anakula panya." Kijana aliyeitwa aje na fimbo kumuua akajibu kwamba sumu au si sumu, nyoka ni nyoka. Hapo nikakaa juu ya mkeka wangu wa kufia, jiwe bado liko kidoleni, nikasema hauawi mtu. "Aliyeumwa ni mimi," nikasema. "Nyie mliumwa wapi?"

Watu huniuliza mpaka leo, nyoka wa faida gani? Kuku anataga, paka anawinda, mbuzi anauzwa. Kwetu mnyama asiye na faida ni mzigo, na mtoto wa kike mwenye nyoka ni balaa. Jibu langu halijabadilika tangu darasa la tano: nilimtaka. Alikuwa mzuri, na mistari yake miwili myeupe kichwani kama aliyechorwa kwa chaki.

Beseni alilileta baba. Tajiri wake alitaka kulitupa kwa sababu kishikio kimoja cha mfuniko kilikatika, na baba alipogundua nalitakia nini alikuwa ameshalitua mlangoni, akaishia kutikisa kichwa. Nilitoboa mfuniko kwa msumari uliopashwa moto, nikitoboa kutoka ndani kwenda nje ili ncha kali zisimkwaruze. Nikamwekea mchanga mkavu, kifuniko cha kopo chenye maji, na gome la mti la kujifichia. Nikamtafutia kichanga cha panya kwenye magunia. Akakimeza. Baada ya siku mbili akakitapika kizima, na harufu ile, ndugu yangu, iligombana na iliki ikashinda.

Nilimfuata mwalimu nikilia. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Nyoka hana jiko tumboni. Joto lake anaokota nje. Asipolipata, chakula kinaozea humo humo, na yeye anafuata."

Basi nikaanza kumtafutia joto. Kwanza nilisogeza beseni karibu na mafiga. Plastiki ikaanza kulegea ubavuni, na nyoka akapanda mpaka kwenye mfuniko, pua kwenye tundu. Mama, ambaye mpaka hapo hakuwa tayari hata kulitazama lile beseni, alisema akiwa amegeukia ukuta, "Unamfuga au unambanika?" Nikajaribu chupa ya soda ya plastiki yenye maji yaliyochemka, nayo ikasinyaa mikononi mwangu. Nikaenda nyuma ya kilabu cha pombe kuokota chupa bapa za kioo. Hizo zilivumilia, ila zilipoa upesi, na moja ikapasuka. Isitoshe mzee wa kanisa aliniona nikiziokota, na habari zilifika kwa mama kabla sijafika mimi. Nilichapwa kwa ajili ya chupa, si kwa ajili ya nyoka, jambo ambalo nililiona ni maendeleo.

Jibu nilikuwa nalikalia. Jikoni tulikaa juu ya matofali ya kuchoma, na lile langu lilikuwa limeegemea jiko tangu alfajiri. Maandazi yalikwisha kupikwa, moto ukazimwa, mama akaenda kuyauza gengeni, na tofali bado lilikuwa linanipasha mapaja. Nikaruka kama niliyeumwa tena. Nikalivingirisha kwenye kiroba, nikalisukuma chini ya beseni upande mmoja. Upande wa pili nikaweka tofali la baridi ili beseni likae sawa. Basi ikawa hivyo: huku moto, huku baridi, na katikati achague mwenyewe. Nilipima kwa kuingiza mkono na kulaza mgongo wa kiganja kwenye mchanga, na nilijua pako sawa pakiwa na joto la ubavu wa mbuzi aliyelala. Likipoa, linarudi jikoni, lingine linachukua zamu. Maji yalikaa upande wa baridi. Beseni lote nililifunika gunia, isipokuwa matundu.

Siku ile ile akanyooka juu ya upande wa moto, akasogea katikati, akarudi. Wiki iliyofuata akala, na chakula kikakaa. Nilimtangazia kila mtu, na hilo ndilo lililotuponza.

Jirani alianza kusema gengeni kwamba mama ana nyoka wa chuma ulete. Unga wetu, alisema, unakandwa nyoka akiwa anatazama, na ukimpa mama noti yako, zilizobaki mfukoni zinaifuata zenyewe. Watu walicheka, halafu wakaacha kununua. Watoto wenzangu walipita barazani kwetu wameziba pua. Maandazi yalianza kurudi nyumbani yakiwa bado yamefunikwa kanga, tukayala asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikaichukia iliki.

Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage. Mama hakuinua macho. "Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, "baridi itaisha lini?" Nikamwambia mwezi wa tisa, mvua zikikaribia. "Ukimtoa sasa?" Nikamwambia atakufa. Mama akaendelea kuchambua, mabovu huku, mazima huku. Nilijua anachopima. Maandazi yale ndiyo yaliyokuwa sare yangu, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, maana mshahara wa baba ulifika umechoka. Nilijua, na sikusema namtoa. Ungeniuliza tena leo, nisingesema.

Ila kulikuwa na jambo jingine nililijua. Kuna alfajiri nilipitiwa na usingizi, nikakurupuka nikijua tofali limepoa. Nilikuta limebadilishwa. Lilikuwa limevingirishwa kwenye sweta kuukuu la mama, vizuri kuliko nilivyokuwa navingirisha mimi. Nilipomtazama alisema lile la jikoni lilikuwa linamzuia kuweka sufuria sawa. Nikachochea moto.

Wakaja asubuhi, ukungu haujaondoka: mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kanisa, na nyuma yao jirani amejitanda kanga mpaka puani. Waliposema hodi na mama akawakaribisha, hawakuingia. Walisimama kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, na baridi ikapita katikati ya miguu yao.

"Mama, hatujaja kwa ugomvi," mwenyekiti alianza. "Tumekuja kukusaidia. Huyo mdudu atoke leo, auawe watu wakiona, na maandazi yako yataanza kununuliwa. Mimi mwenyewe nitanunua ya kwanza."

"Na wewe ni mama wa kwaya," mzee wa kanisa aliongeza. "Tuwaambie nini waumini?"

Mimi nilikuwa nimelikumbatia beseni. Mama alifuta unga mikononi, akaja, akachuchumaa mbele yangu. Nilidhani anakuja kulichukua. Usifikiri kwamba ningemwelewa. Ningemchukia, na ningemchukia kwa muda mrefu.

Akafungua mfuniko. Mama yangu, ambaye akikuta mjusi kitandani alilala kwa jirani, aliingiza mkono wake ndani, akalaza mgongo wa kiganja kwenye mchanga kama nilivyokuwa nafanya mimi, na nyoka akapita juu ya kifundo cha mkono wake taratibu.  Hakuutoa.

"Limepoa," aliniambia. "Badilisha tofali."

Kisha akawageukia wale watatu, mkono bado uko ndani. "Na nyie, ama ingieni, ama tokeni. Mmeacha mlango wazi, mtoto wa watu anapata baridi."

 Mzee wa kanisa ndiye aliyevuta mlango, akaufunga kutoka nje. Tulimsikia jirani huko uani akisema, "Mmeona? Si niliwaambia? Mmeona?" Mama akatoa mkono, akanawa kwa sabuni, akanawa tena, akarudi kukanda. Maandazi ya siku ile yalitoka yamepinda.

Usisubiri nikuambie kwamba kijiji kilijuta. Wateja hawakurudi msimu ule. Mama alijitwika ndoo yake, akawa anatembea mpaka stendi ya Kibondo, ambako hakuna aliyejua habari za nyoka, na njia ile si fupi. Kwenye kwaya walimhamisha mstari wa nyuma. Aliimba kutoka nyuma, kwa sauti ile ile. Mvua za kwanza zilipofika nilimpeleka nyoka kwenye kichuguu nyuma ya shamba la maharage, nikalaza beseni ubavu, akatoka. Mama alisimama mbali, kanga imefungwa kiunoni tayari kwa kukimbia. "Mwambie asirudi," alisema. Nikamwambia, kwa heshima zote.

Jiko lile limeanguka. Matofali yake yamejengea choo cha mtu. Mwalimu alihamishwa, na sijui yuko wapi. Umeme umefika, watoto wanaota simu badala ya moto, na ukiwaambia mwezi wa saba ulikuwa na harufu yake wanakuangalia kwa huruma. Vyote hivyo nimevisamehe, maana ndivyo mambo yanavyokwenda.

Kuna kimoja sikukisamehe. Mama alifariki mwaka juzi. Watu walijaa, wakala, wakaimba vizuri, kisha mtu akasimama kusoma wasifu wa marehemu: alikuwa mpole, mnyenyekevu, hakuwahi kubishana na mtu maishani mwake. Vichwa vikatikiswa chini ya turubai. Jirani naye alitikisa chake. Huzuni yangu yote ikageuka hasira, na nikasimama. Shangazi alinivuta kanga, lakini sikukaa.

Nikasema mama yangu alibisha. Alimbishia mwenyekiti, na kanisa, na kijiji, asubuhi moja, mkono wake ukiwa ndani ya beseni lenye kitu alichokiogopa kuliko kitu chochote duniani, na akala hasara msimu mzima bila kumwomba mtu radhi. Nikasema baadhi ya waliokuja kumpigia hodi siku ile wamekaa hapa hapa, wanakunywa chai yake.  Mkitaka kumlilia, nikawaambia, mlilieni yule. Huyo mpole mnayemsoma hapo hakunizaa mimi.